Pumzi ya Kagure

Njoki alikuwa msomaji mzuri, na hilo halikuhitaji shahidi. Kila Jumapili yeye ndiye aliyesoma matangazo katika kanisa lao pale Gatitu, karibu na Nyeri, na kuwasomea watu wa Gatitu matangazo si kazi ya mchezo: huyu anatafuta miwani, yule anasinzia, mwingine kesharudi moyoni kwa ng'ombe aliyemwacha bila majani. Lakini Njoki akisimama, hata wazee wa benchi la nyuma waliinua vichwa. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mazoezi, kodiani ya mumewe ilipomwacha njiani katikati ya sentensi, alijua kosa ni la kodiani.

Alikuwa akisoma mwanzo wa Sofia wa Kisimani, riwaya ya mapenzi ambayo wazazi wa pale waliisoma shuleni na kuililia kwa siri. Binti Sofia anamngoja Badi, kijana aliyekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Anaambiwa amekufa. Hakubali, na kila jioni anakwenda kisimani kutazama njia. Ni hayo tu, na kwa hayo tu kuna watu waliooana. Kodiani ilianza taratibu, Njoki akaingia juu yake, wakaenda vizuri mpaka alipofika "Sofia akaishusha ndoo". Hapo muziki ukanyamaza. Njoki akaendelea, "akatazama njia", na muziki ukarudi umechelewa, ukamkanyagia maneno.

"Simama, simama," akasema Mwalimu Wamae kutoka kiti cha mbele. Wamae alifundisha Kiswahili mpaka akastaafu, na siku hizi aliongoza kikundi cha wasomaji. Onyesho hili lilikuwa la kuchangia mabati ya ukumbi huo huo waliokuwamo, uliovuja kila Julai. "Njoki, unakimbia. Hii si matangazo ya harambee. Follow the music. Hiyo kodiani inajua hii kitabu kuliko sisi wote."

"Itajua aje na mimi ndio nasoma?"

"Wewe fuata tu."

Theuri, mumewe, alijiweka sawa kitini. Wamae alikuwa amempanga nyuma ya msomaji, kwa hiyo Njoki hakumwona, alisikia tu kiti kikilia. Wakaanza upya. Safari hii kodiani iliponyamaza Njoki naye akanyamaza, iliporudi akarudi, na ajabu ni kwamba maneno yakakaa mahali pake kama vyombo kabatini. Ila mapumziko hayo yalikuwa ya ajabu. Hayakuja penye nukta wala mkato. Yalikuja popote, katikati ya jina la mtu, baada ya neno "na".

Na ndani ya kila pumziko, nyuma ya kisogo chake, mtu alivuta pumzi.

Haikuwa pumzi ya mtu mzima wa afya. Ilikuwa nyembamba, ya kujikokota, ya mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Njoki aligeuka. Theuri alikuwa ameinamia kodiani amefumba macho, midomo imebana. Kina mama waliokuwa wakipanga viti kando ya ukuta walikuwa wameacha kupanga. Mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti alichokibeba, mkono shavuni.

"Ngai, Mungu wangu," alisema yule mama. "Ni yeye kabisa."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Mtoto tumboni mwa Njoki alijipindua, na Wamae akapiga makofi akasema kwamba sasa wanaelewana.

*

Njoki mwenyewe ndiye aliyejitolea kusoma, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Zamani onyesho hilo lilikuwa la Kagure, mke wa kwanza wa Theuri. Kagure alisoma, Theuri akapiga kodiani, na watu walitoka Karatina na Mweiga kuja kuwasikiliza. Kagure akafa bila mtoto. Onyesho likafa naye. Theuri alikaa mjane, akaoa tena, na tangu siku aliyoingia nyumba ile Njoki alikuwa "bibi ya Theuri". Sokoni bibi ya Theuri, kliniki bibi ya Theuri. Wamae aliposema angependa kufufua onyesho ila hana sauti ya mwanamke, Njoki aliinua mkono kabla hajafikiri. Aliona kwamba akisoma kitabu kile mbele ya watu wale, watarudi makwao wakijua jina lake.

Basi hebu fikiria alivyojisikia alipokwenda mjini kununua vitambaa vya mtoto akalikuta tangazo limebandikwa kwenye dirisha la duka la dawa. THEURI NA MKEWE WANAWALETEA SOFIA WA KISIMANI. Lilikuwa tangazo la miaka ile ile. Wamae alikuwa amebandika karatasi nyeupe juu ya tarehe ya zamani akaandika mpya kwa kalamu.

Alimpigia simu palepale, amesimama kwenye baridi.

"Mwalimu, jina yangu iko wapi?"

"Si imeandikwa mkewe? Wewe ni nani, si mkewe?" Wamae alicheka kidogo, cheko la mtu anayebana matumizi. "Nilikuwa na hizo poster zimebaki, Njoki. Kuprint zingine ni pesa, na sisi tunatafuta mabati."

Alirudi nyumbani na vitambaa vyake. Mlangoni alikuta viatu vya plastiki vimepangwa vizuri, na harufu ya njahi, yale maharagwe meusi, imejaa nyumba.

Mgeni alikuwa Cucu Watiri, kikongwe aliyemzaa Kagure. Alikuwa ameketi kiti cha karibu na jiko kama mtu anayejua kiti chake, na Theuri ameketi mkabala naye, akizungushazunguka kofia yake ya kazini. Theuri alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache hata kwa mabomba.

"Karibu, Cucu," alisema Njoki.

"Asante, bibi ya Theuri. Nimekuletea njahi. Mwanamke mzito akule njahi, maziwa itoke mingi." Alimtazama tumbo, si uso. "Wamesema ni msichana?"

"Walisema hivyo kwa picha."

"Basi nitasema na sitazunguka. Mimi nilizaa msichana mmoja. Akaolewa hapa, akafa hapa, hakuacha mtu wa kumrudisha. Nataka huyu mtoto aitwe Kagure. Mtoto yangu arudi nyumbani."

Theuri aliacha kuzungusha kofia. Njoki alimngoja aseme neno, hata la kukohoa.

"Cucu, msichana wa kwanza si huitwa mama ya bwana?" Njoki alisema. "Ndio desturi."

"Mama ya Theuri niliongea na yeye. Ati wajukuu wenye jina lake wamejaa mpaka akiitwa wanaitika wote. Hana haraka." Kikongwe alicheka bila sauti, kisha akainama, akaweka kiganja chake kikavu juu ya tumbo la Njoki, bila kuomba ruhusa. "Kagure," alisema, kwa sauti ya mama anayemwamsha mwanawe aende shule. "Kagure, ũrĩ mwega? Uko mzima?"

Mtoto akapiga teke. Cucu Watiri akainua uso, macho yamejaa machozi na furaha, na Njoki akarudi nyuma mpaka kiganja kikamwacha.

Kwa watu wa kule, mtoto habebi jina tupu. Hubeba mtu. Nyanya humwita mjukuu "mama" kwa sababu ana jina la mama yake, na hatanii. Babu humwita mjukuu mwenye jina la mkewe "mke wangu", humletea peremende, humuuliza mbona hakumpikia, na watu hucheka wakafurahi. Njoki alikuwa amecheka hivyo maisha yake yote. Usiku ule hakucheka. Alijiona akimnyonyesha binti ambaye kila mgeni atakayeingia atamwambia Theuri, mke wako huyo amekua. Atamzaa mke mwenza, amfue nguo, amsuke nywele, na yule mke mwenza ndiye atakayekuwa wa kwanza.

"Wewe unasema nini?" alimuuliza mumewe Cucu alipokwenda.

"Si vibaya," Theuri alisema. "Ni mama amefiwa."

"Nimekuuliza wewe."

Theuri alinyanyua sufuria ya njahi akaipeleka jikoni, akakaa huko.

*

Mishi alikuwa fundi cherehani wa Majengo, kule mjini, na rafiki wa Njoki tangu walipokuwa wakiuza mitumba meza moja. Watu wake walifika Nyeri zamani kutoka pande tofauti, na mpaka leo aliongea Kiswahili kinachonyooka. Njoki alimpelekea gauni la kijani ambalo Wamae alimpa kwa ajili ya onyesho, lifunguliwe mishono ya ubavuni.

"Hili nalifahamu," alisema Mishi, akilitandaza mezani. "Nililishona mimi. La Kagure hili."

Njoki aliketi. Alikuwa amechoka siku hizi, pumzi zikimkatika kwa kupanda ngazi mbili tatu. Nesi alimwambia ni mtoto amesukuma juu, ni kawaida, atashuka. Lakini nesi hakuwa amesikia alivyopumua usiku, pumzi nyembamba, ya kujikokota, mpaka alijiamsha mwenyewe kwa sauti yake.

"Hawakuniambia ni yake."

"Wangekwambiaje? Wangekosa gauni. Hebu nisomee kidogo, nikusikie wakati natatua."

Njoki alifungua kitabu akasoma. Alikusudia kusoma kwa mwendo wake. Lakini alipofika pale pa ndoo sauti ikasimama yenyewe, akavuta pumzi, akaendelea, ikasimama tena baada ya "na". Mishi aliacha kutatua uzi. Alimtazama juu ya miwani.

"Njoki, huko kukatakata umejifunza wapi?"

"Ni muziki. Theuri anasimama hapo, na mimi nasimama."

"Kagure alikuwa na pumu," alisema Mishi polepole. "Ya tangu utotoni. Alikuwa akisoma, pumzi ikimwishia, anasimama popote ilipomwishia. Na mumeo alikuwa anamsubiri. Watu walidhani ni ufundi. Mimi nilikaa mbele, nikaona. Alikuwa akimtazama mabega, yakipanda tu, anaacha kupiga mpaka apate hewa." Alirudi kwenye mshono. "Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Mimi sijawahi kungojwa hivyo na mtu."

Njoki aliangalia mikono yake. Kwa hiyo ndiyo hiyo. Alikuwa akivaa gauni la maiti na kupumua pumzi ya maiti, na tumboni amembebea maiti mahali pa kulala.

"Wanataka nimpe mtoto jina lake," alisema.

"Nimesikia. Gatitu mna midomo." Mishi alikata uzi kwa meno. "Sitakuamulia. Ila nitakwambia kitu kimoja. Usikubali kwa woga na usikatae kwa woga. Jina likitolewa kwa woga mtoto hulilia usiku."

*

Jioni ile aliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Theuri alikuwa sebuleni akifanya mazoezi peke yake, na Njoki akasimama kwenye giza la jikoni akamtazama kupitia mlango ulioachwa wazi. Alipiga kile kipande cha kisimani. Alipofika pale pa kusimama vidole vyake viliinuka kwenye funguo, lakini mkono wa kushoto ukaendelea kuvuta mvukuto, na kidole gumba kikabonyeza kile kitufe cha pembeni kinachopitisha hewa bila sauti. Kodiani ikapumua. Nyembamba, ya kujikokota.

Njoki alipata nafuu, halafu nafuu ikageuka uchungu. Heri lingekuwa jini. Jini huombewa likatoka. Mume anayempulizia mke aliyekufa pumzi kwa kidole chake mwenyewe utamwombea nini?

"Theuri."

Aliruka kidogo.

"Hiyo pumzi. Unaifanya kwa nini?"

"Pumzi gani?"

"Hiyo kidole."

Alitazama kidole chake gumba kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye shati. "Mkono unafanya yenyewe," alisema. "Sikujua inasikika."

"Sasa nipigie mimi. Nataka unipigie vile mimi nasoma. Mimi siko na pumu."

Alijaribu, na hilo lazima lisemwe. Njoki alisoma ukurasa wote mbele yake kwa mwendo wake, na Theuri alijitahidi mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ya Julai. Kila walipofika pale pa kale vidole viliinuka. Mwishowe aliishusha kodiani mapajani.

"Havinisikii," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi.

"Basi tusome ule ukurasa wa mwisho. Huo hatujawahi kufanya hata siku moja."

"Huo tutafanya siku yenyewe."

"Kila siku unasema hivyo. Na Wamae akiuliza unamwambia hivyo. Uko na nini huo ukurasa?"

Theuri alifunga mikanda ya kodiani, mmoja, halafu wa pili, akaiweka kwenye sanduku lake. "Siku yenyewe, Njoki," alisema. Lilikuwa jambo la nadra amwite kwa jina, na kwa sababu hiyo hakumkazania.

*

Siku ya onyesho ukungu ulishuka tangu asubuhi, ukakalia Gatitu kama sufuria iliyofunikwa. Watu walikuja hata hivyo, na makoti yao na mablanketi ya mapajani, wakajaza ukumbi mpaka wengine wakasimama kando ya jiko la chai. Ilikuwa mchana lakini taa zilibidi kuwashwa. Wamae alishika maikrofoni akawakaribisha, akataja mabati, akarudia kuyataja, kisha akasema, "Na sasa, Theuri na mkewe." Watu walipiga makofi. Cucu Watiri alikuwa kiti cha mbele kabisa, amevaa kitambaa cheupe kichwani kama mtu aliyekuja arusini.

Njoki alisimama ndani ya gauni la kijani, akaanza. Alikwishaamua kusoma kwa mwendo wa kodiani, kwa sababu kugombana na muziki mbele ya watu ni kujiaibisha bure. Akasimama iliposimama. Nyuma yake kodiani ikapumua. Na kila ilipopumua aliona kwenye nyuso za watu kitu ambacho hangekisahau: hawakuwa wakimwangalia yeye. Walikuwa wakiangalia kidogo kando yake, pale mtu mwembamba zaidi angesimama. Wanawake wa makamo walilia kimyakimya. Mzee mmoja alivua kofia. Kadiri kitabu kilivyokwenda ndivyo Njoki alivyojisikia akipungua, sauti ikiwa si yake, mabega yakipanda yenyewe, mpaka akashindwa kujua kama pumzi iliyoingia kifuani ilikuwa imetoka kwake au nyuma yake.

Wakafika ukurasa wa mwisho. Badi amerudi. Mashamba ya mkonge yamemla macho, haoni, ameongozwa na harufu ya maji mpaka kisimani. Anasikia mtu akiteka. Anauliza, "Ni nani hapo?"

Njoki alisoma swali hilo, na kodiani ikainua wimbo mfupi, wa sauti chache tu, ikanyamaza ili Sofia ajibu.

Pumzi ikavutwa. Kabla Njoki hajafungua mdomo, kodiani ikarudia ule wimbo mfupi. Ikanyamaza. Pumzi. Ikarudia tena. Watu walidhani ndivyo ilivyotungwa upya. Lakini wimbo ulirudi na kurudi, hauendi mbele wala haufi, na Njoki akamtazama Cucu Watiri. Kikongwe alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Kichwa kilikuwa kikitikisika, hapana, hapana, kwa mtu aliyekuwa nyuma ya Njoki.

Ndipo alipoelewa, bila kuambiwa na mtu. Kagure alifika hapa. Nyumbani, sebuleni pale, jioni fulani ya mazoezi, alisoma swali la Badi, pumzi ikamwishia, na Theuri akamngojea kama alivyozoea kumngojea. Alirudia wimbo ampe muda. Akarudia. Jioni ile alikuwa ameinamia kodiani amefumba macho, hakuona kwamba pumzi haikurudi. Hadi leo alikuwa hajaacha kurudia.

Hasira yote ilimtoka Njoki. Alimwonea huruma hata akasahau kuna watu. Aligeuka akawapa mgongo, jambo ambalo msomaji hafanyi, akamwendea. Theuri alikuwa amefumba macho, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, mikono ikienda. Njoki aliushika mkono wake wa kushoto, akautoa kwenye mkanda, akaukamata kwa mikono yake miwili juu ya tumbo lake. Kodiani ikakatika. Ukumbi ukawa kimya, kimya cha kusikia ukungu ukidondoka kwenye mabati mabovu. Njoki naye alikuwa amebana pumzi.

Katika kimya hicho mtu alivuta hewa, ndefu safari hii, mpaka mwisho, ikajaa.

"Ni mimi," alisema Njoki.

Kitabuni Sofia hapo hutaja jina lake. Njoki alikijua kitabu kwa moyo, wala hakukosea.

"Ni mimi, Njoki."

Wamae alifunika uso kwa karatasi zake. Huko nyuma mtu akanong'ona, amesema nani? Mwingine akamjibu kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Njoki. Bibi ya Theuri anaitwa Njoki." Theuri alifumbua macho. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kama mtu aliyeshuka mahali akakuta si alikodhania, na ni pazuri. Kisha akarudisha mkono kwenye mkanda akapiga wimbo mpaka mwisho wake, sehemu ambayo hakuna mtu Gatitu aliyekuwa ameisikia tangu Kagure afe, na Njoki akasoma mistari iliyobaki kwa sauti yake ya matangazo, bila kusimama popote ila penye nukta.

*

Watu walikunywa chai na kusifu. Wamae alisema lile kosa la jina si neno, watu wengi hawakuligundua, na Njoki akajimiminia chai. Cucu Watiri alimjia pole pole akipita katikati ya viti. Safari hii hakuangalia tumbo.

"Njoki," alisema. Alilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayeonja chumvi. "Mimi nilikuwa nataka arudi kwa sababu hakumaliza. Sasa amemaliziwa. Wewe mwite mtoto yako vile unataka. Sitakuja kusumbua."

Njoki alikuwa amengoja maneno hayo kwa wiki nyingi, na sasa yalipokuja hakuona ushindi ndani yake. Aliona mama mzee aliyevaa kitambaa cha arusi na hana mtu wa kwenda naye nyumbani.

"Cucu, keti," alisema. "Ataitwa Kagure."

Kikongwe aliketi kwa ghafla.

"Lakini sikia. Mtu asimwite bibi ya Theuri, hata kwa mzaha. Hata wewe usimwite hivyo. Akiulizwa ni wa nani, ni Kagure wa Njoki."

"Kagure wa Njoki," alirudia Cucu Watiri. Akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, akalia kwenye kikombe chake cha chai, na Njoki akakaa naye mpaka alipomaliza.

Walikuwa wa mwisho kutoka. Njoki alikuwa amevaa koti juu ya lile gauni la kijani, na Theuri alikuwa amebeba kodiani ndani ya sanduku lake, akitafuta ufunguo wa ukumbi kwa mkono mmoja. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni.

"Ile pumzi ya mwisho," alisema Theuri, hamtazami. "Kabla useme. Ulivuta kubwa sana. Nikajua uko sawa."

"Ile si yangu. Mimi nilikuwa nimebana. Ni kidole yako."

"Kidole gani, Njoki? Si ulikuwa umenishika mkono?"

Ndani ya ukumbi, kwenye viti vilivyobaki wazi, hakukuwa na mtu. Njoki alijisikiliza kifua. Hewa iliingia pana, ikatoka pana, hewa yake mwenyewe. Kisha akahisi mtoto akijinyoosha ndani, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

Aliogopa, na hatukatai kwamba aliogopa. Lakini aliweka kiganja juu ya tumbo, pale pale ambapo Cucu Watiri alikuwa ameweka chake.

"Kagure wa Njoki," alisema, kwa sauti ile inayowaamsha wazee wa benchi la nyuma, "mimi ndio mama hapa. Ngoja zamu yako."

Mtoto akatulia. Theuri akazima taa, akafunga mlango, wakaenda nyumbani.